Punje za Jicho Jeusi

Walimwita Bi Gramu, na jina hilo hakulikasirikia hata siku moja. Alilipata mwaka wake wa tatu kazini, pale mkulima mmoja mwenye haraka zake alipomwambia, "Mama, andika kilo mbili tu. Hizo gramu sita zilizopungua wamekula panya." Naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Basi panya aje asaini." Waliokuwapo walicheka mpaka wakashika mbavu, na kesho yake jina likawa limeshatembea.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kituo cha majaribio cha chama cha wakulima: jengo refu la bati lenye ofisi mbili na stoo, na nyuma yake ekari sita za shamba lililokatwakatwa kama karatasi ya hesabu. Kila msimu wauza mbegu na watafiti walileta soya zao, na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo yenyewe, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kituo hakikuuza mbegu wala hakikupokea hata kalamu kutoka kwa mwenye mbegu. Kilizichukua zote, kikazipanda siku moja kwenye udongo mmoja, kila aina mara nne katika vijishamba vilivyotawanywa, asije mmoja akapata bahati ya kona yenye rutuba. Na ili wapimaji wasipendelee, mbegu zilikwenda shambani kwa namba. Orodha iliyoonyesha namba ipi ni mbegu ipi ilikaa kwenye droo ya Bi Gramu, na ufunguo ulikaa kwenye pindo la kitenge chake.

Mavuno yakishapimwa, namba ziligeuzwa kuwa majina na kijitabu chembamba cha kijani kikachapwa. Wakulima elfu nne walikisoma kijitabu hicho kama watu wanavyosoma barua iliyotoka nyumbani. Hawakuwa na kingine cha kuamini. Ukikosea kuchagua soya, umekosea mwaka mzima.

Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo, na hakuwahi kuogopa kitu pale kituoni isipokuwa nyoka wa kwenye magunia. Hofu ilimjia asubuhi moja saa tatu, kijitabu kikiwa kimeshatoka wiki mbili, na mvua za kupandia zikiwa zinanukia.

Alikuwa stoo akitoa punje za kupima uotaji. Kila mbegu iliyovunwa ilibakiziwa kopo moja la kumbukumbu, limefungwa na kubandikwa namba. Akafungua kopo namba tisa. Tisa ilikuwa Macheo, mshindi wa mwaka, mbegu iliyokuwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu: haikuliwa na ugonjwa wa kutu, maganda yake hayakupasuka, na ilizaa kuliko zote kumi na nne. Akamimina kiganjani.

Punje ya soya ina kijicho, alama ndogo pale ilipokuwa imeshikilia ganda. Macheo ina jicho jeupe, karibu halionekani. Punje zilizokuwa kiganjani mwa Bi Gramu zilikuwa na jicho jeusi ti, zote, zinamtazama.

Alizirudisha. Akasoma namba, tisa. Akavaa miwani, akasoma tena, bado tisa. Mbegu moja tu kati ya kumi na nne ilikuwa na jicho jeusi kiasi hicho, nayo ni Tulizo, namba sita. Tulizo ndiyo iliyoburura mkia: kutu iliikausha majani ikiwa bado changa, na maganda yaliyobaki yakapasuka na kumwaga punje chini kabla ya kuvunwa. Alivuta kopo namba sita. Ndani, macho meupe matupu.

Akakaa juu ya gunia.

Mambo yalikuwa wazi, na alitamani yasiwe wazi. Siku ya kubandika namba, mifuko miwili ilipishana. Namba ya Macheo ilikwenda kwa Tulizo na ya Tulizo kwa Macheo, na kosa hilo likatembea nazo mpaka shambani, mara nne nne, mpaka kwenye mizani na kwenye kijitabu. Mshindi wa kweli alikuwa Tulizo. Macheo ndiyo iliyokaushwa na kutu. Na wakulima elfu nne walikuwa wameambiwa kinyume chake.

Kupishanisha mifuko ni kosa la mtu yeyote. Kilichomkausha mate kilikuwa kingine. Kituo kilikuwa na njia ya kukamata kosa kama hilo: wiki ya maua, mtu anatembea mistari yote na kuandika rangi. Macheo huchanua meupe, Tulizo zambarau. Nusu saa tu ya kutembea ingelitoa kosa hadharani. Alifungua faili. Fomu ilikuwapo, imejazwa kwa mwandiko wake mzuri: namba tisa, meupe, namba sita, zambarau.

Hakuwa ameyaona maua hayo. Wiki ile mumewe, fundi umeme mstaafu, alikuwa amepasuliwa ngiri, na Bi Gramu alikaa kwenye benchi la wodi kutoka asubuhi mpaka walipomfukuza. Fomu aliijazia pale pale benchini, kutoka kichwani. Alijiambia kwamba maua hayabadili dini. Sasa aliisoma ile karatasi mpaka chini, akairudisha kwenye faili.

Viatu vya Mkuu wa kituo vikalia kwenye ukumbi. Mkuu alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane, mwenye adabu zake, aliyemwita Mama.

"Mama, uko huku? Watu wa chama wanaomba vijitabu mia tatu zaidi. Vimekwisha kama karanga."

Bi Gramu akafunga kopo. "Viko kabati la chini," alisema, na sauti yake ikatoka ya kawaida kabisa. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Alirudi nyumbani na punje ishirini za kopo la tisa zimefungwa kwenye leso, na ishirini za Macheo halisi alizonunua duka la pembejeo. Alikuwa amejipa sababu. Labda yaliyopishana ni makopo tu, huku stoo, na shambani mambo yalikuwa sawa. Alikumbuka kwamba soya ya maua ya zambarau huota na shina lenye wekundu wa zambarau, na ya maua meupe huota na shina la kijani. Angezipanda na kungoja siku tano. Siku tano si nyingi, alijiambia, na mtu hapeleki mashtaka bila ushahidi. Alijaza mchanga kwenye beseni mbili kuukuu, akaziweka nyuma ya nyumba karibu na karo la kufulia.

Ukweli ni kwamba hata hiyo beseni isingemwambia yaliyotokea shambani. Ingemwambia tu kilichomo koponi, na hicho alikwisha kukiona. Hilo alilijua alipokuwa akimwagilia maji. Aliendelea kumwagilia.

Siku hizo tano hakula akashiba. Njiani watu walimsimamisha kumshukuru, na kila shukrani ilimwingia kama mwiba. Mwanamke mmoja mwenye baiskeli alishuka kabisa ili amshike mkono. "Bi Gramu, mwaka huu sikuhangaika. Nimefungua ukurasa wa kwanza, nikakifunga." Bi Gramu alitabasamu, kisha akageukia ukuta wa duka akajifanya anasoma tangazo la chanjo ya kuku mpaka mwanamke akapanda baiskeli na kuondoka.

Siku ya tatu, Jumatano, dada yake mkubwa alimpigia. Dada huyo alikuwa mjane mwenye ekari tano, na baada ya mama yao kufariki ndiye aliyemlea Bi Gramu, akamsomesha kwa jembe lake. Nyuma ya sauti yake ilisikika mvua ikipiga bati.

"Mdogo wangu, huku imenyesha mapema. Leo naanza kutia mbegu. Macheo mtindo mmoja. Si ndivyo mlivyosema?"

"Ni kijitabu kilichosema, dada."

"Kijitabu kina mikono? Nimeona mwandiko wako humo, hata kama kimechapwa." Dada akacheka. "Basi niombee."

Hapo neno la kweli lilimjia. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Kichwani aliuona uso wa dada yake ukibadilika, aliwaona wakulima wakigeuka kumtazama, aliiona ile fomu ikiwa mkononi mwa mtu mwingine.

"Hongera, dada," alisema.

Akakata simu, akaenda nyuma ya nyumba kumwagilia beseni.

Siku ya tano asubuhi, mumewe alikuwa uani akipiga mswaki. "Mama watoto, mchicha wako huu ni wa aina gani? Beseni moja shina la kijani, nyingine shina kama limechovywa kwenye mvinyo."

Bi Gramu hakuwa na haja ya kwenda kutazama. Alikaa kwenye kizingiti na kumweleza yote, kuanzia benchi la wodi. Mumewe alimsikiliza, mswaki ukiwa umemganda mdomoni. Alipomaliza, mzee akasukutua, akakaa karibu naye.

"Kwa hiyo kitumbo changu ndicho kimeponza watu," alisema.

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi bado uko mahali pazuri pa kusemea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Vaa viatu."

Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. Aliyatazama makopo mawili aliyowekewa mezani kana kwamba yangelipuka. Bi Gramu aliona kwamba naye ameogopa, na hofu ya mkubwa wake ikaongeza yake.

"Mama, unajua kuna watu wanatungoja tuteleze?" alisema mwishoni. "Mwaka juzi wauza mbegu watatu waliandika kwamba sisi si wataalamu. Kituo hiki hakina kitu kingine. Hakina trekta mpya, hakina maabara. Kina kuaminiwa tu."

"Najua."

Akasugua uso kwa viganja. "Tuseme ni uchapaji. Majina yalipishana mtamboni. Hata si uongo mkubwa. Watu watabadilisha mbegu, basi, yamekwisha, na wewe unabaki na heshima yako."

Bi Gramu alilitaka jambo hilo. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na ng'ambo yake hapakuwa na mkutano, hapakuwa na macho ya watu, hapakuwa na dada. Alihesabu vigae vya sakafu kutoka mezani mpaka ukutani, kumi na moja.

"Mchapaji alichapa tulichompa," alisema. "Atauliza karatasi ya asili, tutamwonyesha ipi?"

Mkuu akageukia dirisha.

"Na fomu ya maua iko kwenye faili. Mimi ndiye niliyeiandika."

Mchana huo ujumbe ulikwenda kwenye simu za wakulima wote: majina ya Macheo na Tulizo yamepishana kwenye jaribio, kosa ni la kituo, msipande kwa kufuata ukurasa wa kwanza, mkutano Jumamosi ukumbi wa chama. Bi Gramu alimpigia dada yake kabla ujumbe haujatoka. Alieleza kwa maneno machache, maana mengi yalikataa kutoka.

Halafu dada akauliza taratibu, "Jumatano ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Nimetia ekari mbili Jumatano na Alhamisi."

"Dada..."

"Ukaniambia hongera."

Simu ikakatwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bi Gramu alikuwa ameandika hotuba, lakini aliikunja karatasi kabla hajaisoma. Alisimama, akashika ukingo wa meza. Alisema mifuko ilipishana. Alisema palikuwa na fomu ya kukamata kosa hilo, na kwamba aliijaza bila kwenda shambani. Hakutaja hospitali. Alipokuwa njiani alikuwa amepanga kuitaja, lakini alipowaona akina mama wa mstari wa mbele, wote waliokwisha kuuguza mtu na bado wakalima, neno lilijiondokea.

Mtu mmoja wa nyuma alisema yeye amekwisha kupanda ekari nane. Hakupaza sauti. Aliitaja tu hesabu na kukaa. Mwingine akasema tatu. Kila namba ilimpiga Bi Gramu kifuani, na namba zote alizijua maana yake kuliko wao.

Kisha likaja swali alilokuwa akiliogopa kuliko matusi. Aliyeuliza alikuwa mwalimu mstaafu, mkulima makini, mtu aliyeweka vijitabu vyote kumi na tisa kabatini.

"Bi Gramu, sisi tunakuheshimu. Lakini tutajuaje miaka mingine ulitembea?"

Alijua ametembea miaka mingine yote. Alikumbuka matope, jua, na ule mwaka alioumwa na nge. Lakini mwandiko wa mwaka aliotembea na wa mwaka ambao hakutembea ulikuwa ule ule, na hakuna karatasi yoyote iliyoweza kumtetea.

"Hamwezi kujua kwa neno langu," alisema. "Neno langu limeingia dosari. Lakini makopo ya miaka kumi na moja bado yako stoo. Njooni mfungue mtazame wenyewe. Mkikuta kosa jingine, liandikeni."

Jumatatu walikuja kumi na watano, mwalimu akiwa mbele na kioo cha kukuzia. Waliketi stoo siku mbili wakimimina punje kwenye sahani na kulinganisha macho na maelezo ya kila mbegu. Bi Gramu hakuruhusiwa kugusa, naye hakuomba. Alikaa nje kwenye ngazi. Kila kifuniko kilipofunguka alikisikia, na kila mara alingoja kuitwa, kwa sababu sasa alikuwa hajiamini hata yeye. Huenda kulikuwa na mwaka mwingine. Mtu aliyeandika asichokiona mara moja, atajuaje hakukiandika mara mbili akasahau?

Jumanne alasiri mwalimu alitoka akijifuta vumbi. "Kopo moja la miaka minne nyuma halina namba, panya wamekula karatasi," alisema. "Mengine yako sawa." Akaongeza, "Usidhani nimefurahi. Nilitaka tu nilale."

Hawakumfukuza. Chama kiliamua kwamba orodha ya namba ishikwe na watu wawili, maua yatazamwe na watu wawili, na fomu ipigwe picha shambani. Wauza mbegu waliandika walichoandika, na karibu wakulima mia sita hawakuchukua kijitabu mwaka uliofuata. Wengine walirudi baadaye, wengine hawakurudi.

Jambo la dada ndilo lililochukua muda. Ekari tatu zilizobaki alipanda Tulizo, lakini zile mbili za Macheo zilikuwa zimeshaota. Bi Gramu alikwenda kila Jumamosi bila kuitwa. Dada alimpokea kwa salamu, akampa maji ya kunywa, basi. Bi Gramu akaingia shambani, akainama na kupindua majani ya chini moja moja, akitafuta vijidoa vya kutu. Aliogopa kuviona na aliogopa kuvikosa. Wiki ya saba aliviona, vidogo kama ncha ya sindano.

"Imeingia," alimwambia dada. "Piga dawa kesho, usingoje keshokutwa."

Dada alimtazama, akachukua pampu.

Dawa iliokoa sehemu kubwa ya majani. Likabaki tatizo la maganda kupasuka, na hilo halina dawa. Bi Gramu alichukua likizo ya siku nne. Walivuna wawili, kuanzia kunapopambazuka mpaka umande unapokauka, kwa kuwa ganda lenye unyevu halipasuki ovyo. Jua likipanda waliacha, hata kama mstari uko katikati. Walifanya kazi kimya, wakisikia maganda machache yaliyowahi kukauka yakitatarika huku na huku, na kila mlio Bi Gramu alifumba macho.

Ekari mbili zilitoa magunia tisa. Tulizo ya upande wa pili ilitoa karibu mara mbili ya hapo kwa kila ekari.

Siku ya mwisho walikaa juu ya turubai wakipeta. Dada aliongea bila kuacha ungo.

"Kosa nimelisamehe zamani. Hata mimi mumeo alipolazwa nilikuwepo, nilikuona ulivyokuwa. Iliyonikaa rohoni ni ile hongera."

"Niliogopa, dada."

"Nimekulea, unadhani sikujua wewe ni mwoga? Ulikuwa unaogopa hata jogoo." Akapuliza makapi. "Mwakani ukishuku, nipigie ukiwa bado unashuku. Mimi nitajua la kufanya na shaka yako."

Bi Gramu aliitikia kwa kichwa. Akavuta gunia jingine karibu, akaanza kulifungua mdomo.

Alifanya kazi misimu minne zaidi kabla ya kustaafu. Alisema mwenyewe kwamba haikupita siku ya kubandika namba ambayo hakuogopa, na kwamba mwenzake aliyekuwa akitembea naye mistari, binti mmoja mwenye haraka, alichoshwa mno na kurudishwa nyuma kutazama ua moja mara ya tatu. Siku moja binti huyo alimuuliza kama hofu hiyo haitamwisha.

"Sijui," alisema Bi Gramu. "Andika. Namba nne, meupe. Umeliona?"

"Nimeliona, Mama."

"Haya, twende namba tano."